Fundo la Orpha

Arusha, 6 Februari 2024

Ami Suud,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima. Faris anakusalimu, na mtoto wetu Aya ameota meno mawili ya chini, anauma kila kinachopita karibu naye. Mama ameniambia kwamba wewe nawe unaweka meno mapya na pesa umeshatenga. Nimefurahi, ingawa ulimi peke yake ulikuwa unatutosha.

Ami, kuna jambo la kazi. Ofisi yetu inaandika kanuni kwa nchi za ukanda huu, juu ya wote wanaoshika na kupitisha pesa za watu bila kuwa benki. Kwenye makaratasi tunawaita benki za kivuli. Kuna kampuni kubwa za kukopesha, kuna wa hawala, kuna vikundi vya kuchangiana, na mwisho kabisa wa orodha kuna watu kama wewe. Mkuu wangu, Bwana Zénon, ambaye naye ni Mrundi, wa Ngozi, anataka kila anayeshika pesa ya mwenzake awe na leseni, daftari na mtaji uliowekwa benki. Asiyeweza afunge. Madamu Yasmina anasema ukifanya hivyo unawatupa nje akina mama wa sokoni ambao benki haiwataki. Wanabishana tangu Novemba, na mimi ndiye ninayeandika.

Niliwaambia namjua mtu mmoja Bujumbura. Jina sikutaja. Wamenipa maswali matano. La kwanza, unashika pesa za watu wangapi? La pili, unazikopesha? La tatu, wakija wote siku moja utafanyaje? La nne, ukifa je? La tano, umewahi kushindwa kumrudishia mtu pesa yake kama alivyokupa?

Najua simu huipendi, kwa hiyo jibu kwa barua. Kikao ni mwisho wa Septemba. Ukijibu vizuri, huenda watu kama wewe wakaachwa.

Mwanao,
Ruqaya


Bujumbura, 3 Machi 2024

Ruqaya, binti ya marehemu ndugu yangu Tamim,

Waaleikum salaam. Barua yako imekaa siku kumi na mbili ndani ya roli ya Shakuru, na roli imekaa siku kumi na mbili kwenye foleni ya mafuta. Ajabu ni kwamba karatasi inanuka mazutu na roli haina hata tone.

Mama yako Radhia yuko Kibenga, anagombana na ziwa. Maji yamefika kwenye ngazi ya nyuma, yeye anayafagia. Nilimwambia ziwa haifagiliwi, akaniambia nikafe. Basi ni mzima.

Mi pia niko. Sukari hakuna, mafuta hakuna, umeme unakuja kama mugeni wa heshima, hauketi. Hapa Nyakabiga mutu akiona foleni anaingia kwanza, halafu ndiyo anauliza wanauza nini.

Sasa bwana wako. Eti kivuli. Butike yangu ya sabuni na soda inaangalia mashariki, jua linanipiga usoni toka saa moja asubuhi. Mwambie akikiona hicho kivuli anitafutie, nitakaa chini yake.

La kwanza. Vifurushi ni arobaini na moja. Lakini mwelezee namna yake, kwa sababu ukimwacha ataandika upuuzi. Mutu anakuja na pesa yake na kitambaa chake, kipande cha kitenge, cha shuka, chochote. Anafunga mwenyewe, mbele yangu, na fundo yake. Mi sihesabu. Siulizi. Napanda ngazi, naweka juu ya kabati nyuma ya sabuni. Siku anataka, namushushia, anaangalia fundo, anaenda. Daftari hakuna. Kila mutu anajua fundo yake vile anajua sura ya mutoto wake. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake, toka mji unaitwa Usumbura. Amana inarudi vile ilikuja. Haifunguliwi, hata kwa wema.

La pili. Kukopesha ni kazi ya hao wenye milango ya vioo. Nilienda kwao mara moja. Walinipa namba, nikakaa kama mutu anangoja kung'olewa jino, halafu binti mmoja akaniuliza mi ni nani. Nimezaliwa hatua mia tatu kutoka kiti chake.

La tatu. Wakija wote siku moja watapanga foleni. Wamezoea.

La nne. Nikifa, nitakufa mi, si vifurushi. Ita watu, kila mutu achukue yake. Na yako iko pale pia, nje ya hesabu, au umesahau? Ulikuwa na miaka tisa, siku ya Idi. Ulikuja na faranga zako ndani ya kipande cha uniforme ya shule, ukafunga fundo saba moja juu ya nyingine, ukaniambia nisimwonyeshe mama yako. Sijamwonyesha.

Karatasi imekwisha. Mwambie Aya anitunzie hayo meno mawili, nitakuja kukodi.

Ami yako Suud,
mwenye kivuli


Arusha, 29 Machi 2024

Ami mpenzi,

Ramadhani imetukuta na mvua. Faris anafunga kwa shida, anahesabu dakika. Nimesikia kwamba maji Kibenga yamepanda tena. Mwambie mama aache ukaidi ahamie kwako, nami nitamwambia hivyo hivyo.

Niliwasomea barua yako. Madamu Yasmina alicheka mpaka akafuta macho. Bwana Zénon alijizuia, lakini tulipofika kwenye sabuni akashindwa. Kisha akatulia na kuhesabu kwa vidole. "Majibu ni manne," akasema. "Muulize la tano."

Nilikutetea, nikasema karatasi ilikwisha. Lakini Ami, ile karatasi ilikuwa na upande wa nyuma, nao ulikuwa mtupu.

Si kwamba nakushuku. Nataka tu kuandika mstari mmoja: hakuna aliyewahi kukosa pesa yake. Mstari huo ukiwepo, Yasmina atakuwa na cha kushika. Nipe huo mstari.

Na meno yamefika wapi?

Ruqaya


Bujumbura, 2 Juni 2024

Mwanangu Ruqaya,

Umengoja, najua. Shakuru alipaki roli wiki tano akawa anauza ndizi.

Ziwa imeshinda. Iliingia kwa Radhia hadi kwenye kitanda, na sasa yuko hapa kwangu na godoro yake, na ufagio. Kwa kuwa ziwa haiko, ananifagia mi. Saa ya kuamka amepanga yeye, saa ya kula yeye. Jana aliniuliza kwa nini nanunua sabuni nyingi hivi wakati hakuna anayenunua. Nikamwambia sabuni ni pazia. Hakuelewa, akafagia.

Idi tulikula vizuri, mbuzi wa kuchangia. Sehemu yangu ilikuwa laini, nimeishukuru.

Meno nimeahirisha. Ndagala, hizo dagaa zenu, hazitaki meno, ukizimeza zinajua njia. Daktari ni kijana, anaweza kungoja, mi ndiye muzee.

Siku hizi naenda Kajaga, kwa Amissi anayeshona nyavu. Ananionyesha vile wavuvi wanafunga kamba. Ni mazoezi ya vidole. Vidole vyangu vimekuwa kama vya mutu mwingine, navitukana havisikii. Amissi anafunga na huku anazungumza na jirani, mi nafunga na ulimi umetoka nje. Anasema hajawahi kuona mwanafunzi mubovu hivi toka azaliwe. Nilimwambia shuleni pia walisema hivyo, mwaka wa nne, wakanirudisha nyumbani.

Nimechoka kidogo. Si ugonjwa. Ni vile mutu anachoka akibeba kitu ambacho hakina uzito.

Hilo swali la tano, mwambie Bwana Zénon ni refu mno. La kwanza lilikuwa zuri, la namba tu. Aongeze ya aina hiyo.

Ami yako,
Suud


Arusha, 20 Juni 2024

Ami,

Shikamoo. Aya anasimama sasa akishika kiti.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mama amenipigia simu. Alisema mambo mawili akidhani hayana maana. Kwamba friza ya butike, ile ya vinywaji, haipo tena, na wewe umemwambia imeenda kutengenezwa tangu Mei. Na kwamba unashinda kwenye kaunta ukifunga kitambaa cha kijani na kukifungua, ukifunga na kukifungua, na mteja akiingia unakificha chini ya mizani.

Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga viatu. Nilikuwa nakudanganya kwamba nimeweza, ukaniambia, "Tembea hatua tano tuone." Sasa nami nakuambia tembea, Ami.

Kifurushi cha nani?

Ruqaya


Bujumbura, 14 Julai 2024

Ruqaya,

Umekuwa mubaya kama marehemu baba yako. Alikuwa anauliza mara moja tu, halafu anakuangalia.

Radhia ni mzima. Joto nyingi. Hapo salamu zimetimia.

Ni Orpha. Humjui. Alikuwa anauza ndagala Kajaga, mwanamuke wa maneno machache. Alianza kuweka kwangu toka mume wake yuko hai, kwa sababu mume wake alikuwa na mikono mirefu. Miaka mine alikuja kila mwisho wa mwezi, anashusha kifurushi, anageuka aniache na mugongo, anaongeza, anafunga. Kitambaa ya kijani. Fundo ya wavuvi, ndogo, ngumu kama kokwa. Halafu 2022 akaenda Mpulungu, kule Zambia, kufanya biashara ya samaki, akaniambia, "Muzee Suud, nitarudi ninunue injini ya mtumbwi."

Sasa unakumbuka Mei ya mwaka jana, zile noti za elfu kumi na za elfu tano zilipofutwa. Siku kumi tu, ambaye hajapeleka benki zimekufa mukononi mwake. Siku ya kwanza nilituma watu kila mahali. Wote arobaini walikuja, wakafungua wenyewe, wakabadilisha, wakarudi wakafunga upya. Orpha hakuja. Simu yake ilikuwa inaongea Kiingereza cha kule. Nilituma ujumbe na mashua mbili.

Siku ya nane imamu aliniambia, "Fungua, ni dharura, Mungu anajua." Nikamwambia Mungu anajua lakini Orpha hajui. Siku ya kumi niliketi na hiyo kitu kwenye magoti toka asubuhi hadi benki zikafunga milango. Ungekuwa na akili ungefungua, utaniambia. Nilikuwa na mikono, nilikuwa na akili, sikufungua. Nyumba yetu haijafungua kifurushi cha mutu toka babu.

Basi zikafa ndani.

Januari hii Amissi akasema Orpha anarudi mwaka huu. Nilitaka kumrudishia nzima. Lakini ngapi? Sihesabu, sina daftari. Njia ya kujua ilikuwa moja. Nilifungua. Sikufungua siku ambayo ingesaidia, nikafungua miezi minane baadaye, kama mupumbavu anayefunga mlango mwizi akiwa ndani.

Noti mia moja tisini na nne za elfu kumi, zote maiti. Milioni moja na laki tisa na elfu arobaini. Friza imetoa milioni moja na laki mbili. Laki saba na elfu arobaini zilikuwa meno yangu. Pesa iko tayari, noti mupya, ndani ya kijani yake. Kilichobaki ni fundo.

Sasa umejua. Usiandike.

Suud


Arusha, 9 Agosti 2024

Ami yangu,

Sina salamu nzuri za kukupa leo, ila Aya ametembea. Hatua tano.

Nilimuuliza Bwana Zénon kama mfano, bila jina wala mji. Hakucheka. Alisema, "Pesa hiyo ingekuwa benki isingekufa. Mwenyewe angekuwa Mpulungu, angekuwa popote, akaunti yake ingesoma ile ile." Yasmina akasema, "Lakini benki gani ingeuza friza yake?" Zénon akasema ndiyo, na kanuni haiwezi kuandikwa juu ya wenye friza. Nadhani wote wawili wako sahihi, na nimechoka kuwa katikati yao.

Nikiandika ulichoniambia, umewapa ushahidi wa kukufunga. Nisipoandika, nimeweka jina langu chini ya karatasi ya uongo. Mpaka sasa nimeacha nafasi ya mistari miwili.

Naomba kitu kimoja. Orpha akija, mwambie kabla hajashika kifurushi. Usimwache agundue mwenyewe. Achana na hilo fundo.

Ruqaya


Bujumbura, 8 Septemba 2024

Ruqaya, mwanangu,

Salaam kwa Faris. Nimefurahi juu ya Aya. Hatua tano zinatosha, asiharakishe, huku mbele hakuna kitu.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na tisa Agosti, siku ya Alhamisi, saa nne. Orpha alifika saa tatu.

Nilimuona akivuka barabara, amekonda, amevaa kitenge cha Zambia. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na maneno yote. Lakini wiki hiyo Amissi mwenyewe alikuwa ameishika kazi yangu akasema, "Muzee, hapa hata mi singejua." Nikawa na kiburi. Nikapanda ngazi nikashusha.

Hakuifungua. Aliigeuza tu.

"Muzee Suud, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi nani alifunga hii?"

Nikasema, "Ni wewe." Nina miaka sabini na minne, Ruqaya, nikasema hivyo mbele ya Radhia.

Akaweka kidole kwenye mukia wa fundo. "Hii inalala kuume. Mi nafunga na kushoto."

Miaka mine alinipa mugongo akifunga. Ningejua wapi?

Basi nikamwambia yote, noti, mashua, imamu, friza. Alisikiliza. Akafungua, akahesabu taratibu, zote mia moja tisini na nne, akapangusa kaunta na kiganja.

"Imetimia," akasema.

"Imetimia."

"Uliuza friza yako."

"Ilikuwa inapiga kelele."

"Mungu akulipe." Akaanza kufunga upya, na mi nikafikiri imekwisha vizuri. "Lakini uliangalia ndani."

"Niliangalia."

"Miaka yote ile ulikuwa hujui niko na ngapi. Hakuna mutu duniani alikuwa anajua. Sasa we unajua."

Radhia alimkaribisha chai, akasema amekunywa. Aliondoka na kijani yake chini ya mukono. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Sidhani alienda kutangaza. Aliulizwa tu Kajaga, akajibu, kwa sababu si mutu wa uongo. Jumamosi asubuhi alikuja Benite wa saluni. Watoto wanaanza shule, akasema. Benite hana watoto. Baada yake Aboubacar fundi, eti amepata gari ya kununua, na huku anaangalia viatu vyake. Kila mutu na sababu yake, kila mutu na heshima. Walikuwa wananiuliza hali ya magoti. Mi napanda, nashuka, napanda, nashuka. Zubeda, ambaye ameweka kwangu toka binti, alikuja wa mwisho. Alienda na kifurushi chake mlangoni kwenye mwanga, akaangalia fundo muda mrefu, vile mutu anaangalia noti ambayo ana shaka nayo. Ilikuwa yake. Akaniomba radhi, na hakusema ya nini.

Adhuhuri ilipoadhiniwa kabati ilikuwa na sabuni tu, na kile kidogo chako.

Kwa hiyo sahihisha majibu yangu. La kwanza, sifuri. La tatu nilisema watapanga foleni, apana, walikuja mmoja mmoja, wakiona aibu, na kila aliyekuja aliondoka na yake. Kwenye zile nafasi mbili ulizoacha andika hivi: mara moja. Mwenyewe alipata yote, haikupungua faranga moja, lakini haikurudi kama alivyonipa. Andika na jina langu, Suud wa Nyakabiga, sitaki unifiche kwa nyota na herufi kama mutu wa polisi.

Bwana Zénon yuko sawa, benki ingemwokolea Orpha pesa yake. Mwambie nimekubali, na asijisumbue kunifunga, nimefunga. Mwambie pia kwamba hakuna kati ya hao arobaini aliyeenda benki. Nimewauliza. Wameweka chini ya magodoro, na mvua inarudi Oktoba. Hilo aliandikie kanuni yeye.

Usije. Sina huzuni, nina usingizi. Radhia amegundua nyuma ya sabuni kuna vumbi ya miaka hamsini, ana furaha kuliko sisi wote.

Shakuru anakuletea amana yako pamoja na barua hii. Ndiyo ya mwisho, hukuja kuidai. Noti za ndani zilikufa zamani, zile ndogo za wakati ule, kwa hiyo usipeleke dukani. Fundo ni saba, nimehesabu kwa nje. Ukitaka kujua uliweka ngapi, fungua mwenyewe, au muache Aya akue afungue. Mi sijui.

Ami yako Suud,
muuza sabuni